Sabuni Yake, Sabuni Yetu

Mimi ndiye niliyeliona baka la kwanza. Tulikuwa kisimani, dada yangu na mimi, nami nilikuwa namsugua mgongo kwa dodoki kama tulivyofanya kila jioni. Yeye alianza kunisugua mimi, kisha mimi nikamsugua yeye, maana mgongo wa mtu haufikiki kwa mkono wake mwenyewe. Chini ya bega lake la kushoto palikuwa na ngozi iliyopauka, pana kama jani la kunde. Nilidhani ni majivu. Nikasugua, nikaongeza nguvu, mpaka nikaona vitone vya damu. Nikashtuka nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akauliza.

Hakuwa amesikia maumivu yoyote.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mama, kama mtoto anavyosimulia jambo la ajabu aliloliona njiani. Mama alikuwa anapepeta uwele. Aliuweka ungo chini, akachomoa mwiba kwenye tawi la mgunga lililokuwa limezibia zizi la ndama, akamwambia dada ageuke. Akamchoma katikati ya lile baka.

"Unasikia?"

"Umeshaanza?" dada akajibu.

Mama akakaa chini. Mimi nilisimama pale nikiwa bado nadhani nimefanya jambo jema.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Kwetu Didia hakuna aliyeandika siku za kuzaliwa, mama alihesabu kwa mavuno. Dada alinizidi mavuno manne. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na watu wa ukoo mmoja wa jirani walikuwa wameanza kuja kwetu kumposa. Kufikia kiangazi kilichofuata alikuwa na baka la pili mkononi, na kidole gumba cha mkono ule kilianza kulegea hata akawa anaangusha mwiko. Wale wageni wa posa wakaacha kuja. Hakuna aliyewaambia chochote. Neno kama hilo halihitaji kuambiwa.

Muuza chumvi mmoja ndiye aliyemweleza baba kwamba mbele ya Runzewe, kwenye njia ya kwenda Buseresere, watu wa misheni wamejenga vibanda vya wagonjwa wa ukoma, na wanachoma sindano za mafuta. Baba alimuuliza mwendo wa siku ngapi. Muuza chumvi akasema siku saba kwa mtu anayetembea na wanawake. Baba aliwahi kuchukuliwa kubeba mizigo ya askari wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na njia ya siku saba haikumtisha. Akasema tungojee mtama uvunwe, kisha tuondoke.

Mama hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa na mtoto anyonyaye. Akasema niende mimi. Binti mkubwa hasafiri na baba yake peke yake, alisema, lazima awepo mwanamke wa kumsaidia akizidiwa njiani. Na katika pumzi ileile akaniambia nisimguse.

Siku mbili kabla ya safari mama alitandika mkeka uani, ndani ya ua wa minyaa, akatoa vitu vyote vya kuogea vilivyokuwemo nyumbani. Havikuwa vingi. Palikuwa na mche mmoja wa sabuni kutoka duka la Mhindi mjini Shinyanga, umeshatumika robo yake. Palikuwa na madodoki mawili makavu, kitana kimoja cha mti alichokichonga babu, kibuyu cha samli ya kujipaka, wembe wa baba uliofungwa katika kipande cha ngozi ya mbuzi, jiwe la kusugulia nyayo, na bunda la vitambaa vya merikani ambavyo mimi sikujua kazi yake. Miswaki dada alikuwa ameikata asubuhi ile ile, akaichonga ncha, akaifunga mafungu mawili yaliyolingana.

"Gawanya," mama akaniambia. "Vyake huku, vyenu huku."

"Kitana ni kimoja," nikasema.

"Basi kiwe chake. Wewe utanyolewa."

Dada alikuwa ameketi kizingitini, mikono magotini, anatutazama. Nywele zangu alizoea kuzichana yeye. Alisema, "Mama, kitana kiende naye. Mimi huko nitapata kingine."

"Utakipata wapi?" mama akamwuliza, na sauti yake ilikuwa kali, kama ya mtu aliyekosewa. Baba akauchukua wembe akaninyoa palepale, na nywele zangu zikaangukia mkeka uleule, zikachanganyika na miswaki ikabidi tuikung'ute.

Sabuni mama aliikata kwa kisu cha kuchinjia. Kipande cha dada kilikuwa kirefu kuliko chetu kwa vidole vitatu. Nakumbuka kwa sababu niliona wivu. Katika mambo yote ya siku ile, ukiniuliza niliona uchungu wa nini, ukweli ni kwamba niliuona wa vile vidole vitatu vya sabuni. Samli ikamiminwa katika vibuyu viwili. Dodoki moja huku, moja huku. Vitambaa vyote vya merikani vikaenda kwa dada. Wembe ulikuwa wa baba, nao ukabaki kwetu. Jiwe la nyayo lilikuwa moja tu, na mama alilishika muda mrefu kabla hajaliweka upande wetu.

"Yeye atatumia mchanga," alisema. Kisha, bila kumwambia mtu, akaongeza, "Nina wengine wanne humu ndani."

Baba alipokuja kufunga mizigo aliifungua yote upya. Mama alikuwa ameiweka sabuni juu ya michembe, viazi vikavu vya kula njiani. Baba akaitoa, akaizungushia maganda ya mahindi, akaifunga kamba.

"Sabuni na chakula havilali pamoja," alisema. "Wakati wa vita tulikula wali wenye ladha ya sabuni siku nne. Wengine wakasema afadhali njaa."

Dada alicheka, mama naye akatabasamu kidogo. Baba aliendelea kufunga huku anatupa kanuni zake. Maji ya kunywa yasitumike kunawia. Samli ipakwe miguuni kwanza, uso utangoja. Na kila jioni kabla ya kula kila mtu aangalie nyayo zake, kwa sababu safari ni miguu, na mwiba wa leo ni jipu la keshokutwa. Furushi letu alilifunga kwa merikani, la dada kwa kaniki, ili tusikosee hata mara moja.

Tuliondoka kukiwa kumepambazuka. Mama alichukua maji kinywani akatupulizia baraka mmoja mmoja. Kwa baba na kwangu alisogea karibu. Kwa dada alisimama hatua moja nyuma akapuliza kwa nguvu zaidi, na maji mengi yakaishia chini. Dada akapiga magoti akamshukuru, "Wabeja, mayo," akasimama akajitwika furushi lake.

Tulitembea hivi: baba mbele na mkuki na mfuko wa chakula, mimi katikati na chungu na furushi letu, dada nyuma yangu kwa hatua kama ishirini. Mama ndiye aliyezipanga hizo hatua. Siku mbili za kwanza tulipita katika mashamba na mbuga, watu wakitusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nasi tukijibu. Dada alijibu pia kutoka kule nyuma, na mtu aliyekuwa amekwisha kutupa kisogo aligeuka kushangaa sauti imetoka wapi.

Jioni tulipopata maji tulioga zamu kwa zamu. Kwanza baba, kisha mimi, mwisho dada, na kama ni mto yeye alioga chini yetu, maji yanakoelekea. Niliujaribu mgongo wangu kwa dodoki nikafikia mabega tu. Nilimsikia yeye naye anarusha maji kule bondeni. Hatukuwahi kuoga kimya maishani mwetu.

Tukimaliza, baba aliziangalia nyayo zake, kisha zangu. Mara mbili alinitoa mwiba kwa ncha ya wembe. Kisha aliinua kichwa akauliza kwa sauti, "Na wewe mwanangu?"

"Nimeangalia, baba," dada alijibu kutoka alikokaa. "Sina kitu."

Na ni kweli alikuwa akiangalia. Nilimwona akiupandisha mguu juu ya goti, anausugua kwa mchanga, anaugeuza kwenye mwanga.

Baada ya kupita Kahama tuliingia porini, penye miti mirefu na mbung'o. Mahali pori linapoishia palikuwa na kibanda cha wakaguzi waliowekwa na serikali kuwatoa wasafiri mbung'o wasiingie nao kwenye ng'ombe. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye kofia iliyochakaa na brashi ya nyuzi za mkonge. Alimpangusa baba mgongoni, akanipangusa mimi, kisha dada akafika, naye akampangusa vilevile, mabega, mgongo, mpaka visigino, akamgeuza kwa kumshika bega, akamwambia, "Haya, mama, pita." Dada alipotufikia, yaani hatua ishirini nyuma yetu, alikuwa anatabasamu peke yake. Katika safari yote njiani yule mzee ndiye mtu wa pekee aliyemgusa.

Siku ya nne, jua likiwa kichwani, tulifika kwenye kisima cha bondeni. Tuliwakuta wanaume sita wameketi, wana sururu na makarai, wanakwenda Geita kwenye dhahabu. Miaka ile njia zote za huko zilikuwa na watu wa namna hiyo. Walitukaribisha vizuri. Mmoja alimpa baba tumbaku, mwingine akanisogezea jungu lao akaniambia nionje viazi. Kisha yule aliyetoa tumbaku akamwona dada amesimama kando ya mti.

"Mbona binti yule hasogei?" akauliza.

Baba angeweza kusema anaumwa macho, au ana haya. Mimi ningesema hivyo. Lakini baba hakuwa na mazoea ya uongo, hata mdogo. Alisema, "Anaumwa ngozi. Nampeleka kwenye dawa."

Yule mwenye jungu akalivuta taratibu kutoka mbele yangu.

"Ameshachota?" mtu wa tumbaku akauliza.

"Bado."

"Basi tuacheni sisi tuchote kwanza, mzee. Usione vibaya."

"Sioni vibaya," baba akasema.

Walijaza vibuyu vyao vyote, wakanawa nyuso na shingo, wakaondoka bila haraka, na mmoja akatuaga kwa adabu. Hawakututukana. Lakini kisima kilikuwa kidogo, na walipoondoka maji yalikuwa tope tupu. Tuliketi tukingoja yatulie. Dada alikuja wa mwisho, akachota kwa kata yake mwenyewe, akanywa, akarudi kwenye mti wake. Baba alizima tumbaku aliyopewa akaitupa majanini. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakudanganya, lakini mtoto wa kike hakumuuliza baba yake jambo la namna hiyo.

Siku iliyofuata baba alitangulia mbali kidogo kutafuta njia, maana ilikuwa imegawanyika. Mimi nilitembea nikiwa na maumivu kiunoni ambayo nilidhani ni ya mzigo. Nikasikia dada ananiita.

"Simama hapohapo," alisema. "Weka furushi chini. Usiogope."

Nikasimama.

"Tazama nyuma ya nguo yako."

Nikaivuta nguo mbele nikaona damu. Nikaanza kulia. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba nimepata ugonjwa wake, ndivyo unavyoanza. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Alinitazama, na uso wake sitausahau. Lakini alijibu kwa upole.

"Si ugonjwa. Umekua tu. Mimi nilipata nikiwa shambani, nikajificha kwenye mtama mpaka mama akaja kunitafuta."

Alipiga magoti akafungua furushi la kaniki, akatoa vitambaa vitatu vya merikani. Alikuja mbele akaviweka juu ya jiwe lililokuwa kati yetu, akarudi nyuma hatua zake zote.

"Chukua."

Sikuchukua. "Mama alisema nisishike vitu vyako," nikasema.

"Hivyo sijavitumia. Alivikunja mama mwenyewe. Vinuse, utasikia sabuni ya nyumbani."

Nikaenda nikavinusa. Vilinukia sabuni na moshi wa jikoni kwetu. Nikavichukua.

Tulikwenda kando ya kijito kilichokuwa karibu. Yeye aliketi juu ya gogo ng'ambo ya pili, nami nikavua nguo nikaingia majini. Kwetu msichana akifikia siku hiyo huogeshwa na dada yake au shangazi, akapakwa samli mwili mzima, akavalishwa ushanga mpya. Dada alinieleza yote kwa sauti kutoka kwenye gogo. Nguo yenye damu iloweke kwanza kwenye maji baridi, usiitie maji ya moto, damu itaganda na doa halitatoka. Ukimaliza, sabuni. Kitambaa kikunjwe hivi, kipitishwe hapa, kifungwe kiunoni kwa uzi. Kikifuliwa kianikwe chini ya nguo nyingine, wanaume wasikione. Mikono yake ilikuwa inakunja hewa ili nione, na kile kidole gumba kilichopooza hakikufuata vingine.

"Sasa samli," alisema. "Anza mabegani. Hapana, mimina kidogo mkononi kwanza, ipate joto. Ndiyo. Sasa shingo."

Nikajipaka kama alivyosema.

"Mgongo sifiki," nikasema.

"Mgongo uache," alisema. "Nyumbani ningekupaka mimi."

Baba aliporudi alitukuta tumeketi kila mmoja upande wake wa kijito. Alitutazama, akaona nguo iliyofuliwa, akageuza macho. Akasema njia ni ya mkono wa kulia. Jioni alinitilia mimi chakula kwanza kabla yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kusema juu ya siku ile.

Tulifika siku ya saba mchana. Palikuwa na vibanda kama ishirini vya nyasi, bustani ya mihogo, na nyumba moja ndefu ya matofali mabichi. Aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye joho jeupe, vidole vyake viwili vimekwisha. Alikuwa amekuja pale kama mgonjwa, akajifunza kazi ya dawa, akabaki. Alitusalimu, akauliza tulikotoka, akatupa maji, akatutazama tulivyoketi: baba na mimi kwenye benchi, dada kwenye kivuli cha mhogo mbali nasi.

"Mmetembea hivyo tangu Shinyanga?" akamwuliza baba.

"Hivyo."

"Na hayo mafurushi mawili?"

"Hilo vyake vya kuogea. Hili vyetu."

Yule mhudumu alitikisa kichwa, si kwa dharau. "Mzee wangu," alisema, "ugonjwa huu hauna haraka. Mke wangu alilala nami kitanda kimoja miaka tisa kabla sijaja hapa, mpaka leo hana alama. Kwa siku saba hamngepata kitu. Mngetembea pamoja tu."

Baba alitazama mikono yake.

Mhudumu akamwita dada aje benchini, akaanza kumkagua. Aliangalia mgongo, mikono, akamgusa usoni kwa pamba, akiandika. Mwisho akamwambia aoshe miguu katika beseni, kisha akauinua mguu wa kulia akaushika muda mrefu. Akaomba maji mengine na kibano. Ndani ya kisigino, chini ya ngozi ngumu, palikuwa na mwiba wa mgunga mrefu kama kidole changu cha kati. Alipouvuta ukatoka na usaha, na harufu yake ilitufikia mimi na baba.

"Umekanyaga lini?" akauliza.

"Sijui," dada akasema. "Sikusikia."

"Huu una siku tano au sita."

"Nilikuwa naangalia," dada akasema, akimtazama baba. "Kila jioni niliangalia, baba. Nilikuwa naangalia."

Mhudumu alimweleza, na tukasikia wote, kwamba mtu mwenye ugonjwa ule asiangalie miguu yake peke yake. Anayeuona mwiba wa kisigino ni mtu mwingine, anayeuosha mguu kwa mkono wake na kuusugua kwa jiwe. Hakuwa akitulaumu. Kwake yalikuwa maelezo ya kazi, angemwambia mtu yeyote aliyefika siku ile. Mimi nilikuwa nimelikalia furushi letu, na jiwe lilikuwa humo.

Tulilala huko siku mbili. Niliruhusiwa sasa kukaa naye, nikakaa, lakini haya ilikuwa imeniingia. Nilimchotea maji, nikamwosha ule mguu wa pili, mzima, kwa dodoki, naye akaniacha nimwoshe. Nilimwuliza kama ana hasira nami. Alisema, "Ulikuwa unamtii mama." Hakusema hana.

Asubuhi ya kuondoka nilimwachia sabuni yetu na jiwe. Baba alimshika dada kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno ya wazee kwa Kisukuma, ya kumkabidhi kwa mababu. Mimi nilisimama kando nikingojea zamu yangu. Na zamu yangu ilipofika nilimpa mkono, kama mgeni anavyompa mgeni. Sijui kwa nini. Labda mwili ukifundishwa jambo siku saba hauliachi kwa siku mbili.

Kurudi tulitembea siku sita. Baba hakutaka kupumzika. Tulipoingia uani mama alitoka na mtoto mgongoni, akauliza tu, "Wamempokea?" Baba akasema wamempokea. Habari ya mwiba hakumwambia siku ile, wala mimi sikumwambia. Aliijua baadaye, kwa sababu mguu ule haukupona.

Nilikwenda kumwona mara moja tu akiwa hai. Nilikuwa nimeolewa, nina mimba ya kwanza, na mume wangu alinitafutia nafasi kwenye lori lililopeleka mahindi kwa wachimbaji wa Geita. Dada alikuwa anatembelea gongo. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alifurahi sana, akanipikia mihogo, tukala sahani moja tumeketi mkeka mmoja. Aliuliza habari za kila mtu, za mama, za ng'ombe, za yule kijana aliyekuwa akimposa, aliyeoa kwingine. Nikamjibu yote. Ilipofika alasiri tulikuwa tumemaliza maneno. Tulikaa tukitazama watu wakipita. Yeye alikuwa na watu wake pale, mizaha yao, nyimbo zao, na mimi nilikuwa na nyumba yangu. Mwanamke wa kibanda cha jirani alikuja akamwita kwa jina la utani ambalo sikulijua, naye akacheka kile kicheko chake cha zamani. Nikaona kwamba bado anacho, ila hakikuwa changu tena.

Alifariki masika ya pili baada ya hapo, kwa homa iliyotokana na kidonda. Baba ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amekwenda kumwona kama alivyofanya kila baada ya mavuno, akakuta amekwisha kuzikwa miezi miwili nyuma. Mimi nilikuwa nimekuja kwa wazazi na mwanangu. Baba aliketi kwenye kigoda, akatwambia kwa ufupi: amekufa, amezikwa vizuri, wenzake walimwimbia. Mama alikuwa anamenya karanga. Aliendelea kumenya kwa muda.

"Walipomzika," akauliza, "mvua ya baraka ilikuwa inanyesha huko?"

"Sikuuliza," baba akasema.

"Hapa miezi ile ilikuwa inanyesha," mama akasema. "Ilinyesha kila siku."